Mkono wa Dirishani

Saa nane usiku, Al-Khudh.
Kiyoyozi kinakoroma kumshinda mlinzi.
Kwenye kioo changu ameketi mtu
wa vijisanduku milioni tisa,
kila kimoja sawa na punje ya ulezi,
na kila kimoja nimekipa kazi yake:
hiki mafuta, hiki mfupa, hiki maji ya jicho,
hiki ulimi usiosema.

Kilo sabini na tatu.
Hana kitovu kilichozikwa popote.

Nimemweka ndani ya Landkruza ya bati tupu,
isiyo na vumbi, isiyo na risiti za petroli,
na nyuma, juu ya paa, nimesimamisha antena
kama bakora ya mwalimu wa chuoni.
Wati hamsini. Nabonyeza. Nasubiri.
Mawimbi hayapigi hodi:
yanagonga bati, yanateleza, yanatafuta upenyo.

Baba yangu, Muhenna bin Zahor,
aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita,
Adam mpaka Haima, Haima mpaka Adam,
barabara iliyonyooka hata usingizi ukawa abiria.
Redio ikiita, antena ilitetemeka nyuma ya kichwa chake
kama kidole cha shahada.
Uchungu wa uzazi, ngamia aliyegongwa gizani,
vyote vilimfikia kwa sauti ya mchanga.
Alijibu kwa Kiarabu,
akalaani kwa Kiswahili cha Wete.

Wenzake wakimwambia,
"Zinjibari, antena hiyo itakukaanga ubongo."
"Upi? Uliokwisha kukaangwa na jua?"
Lakini alipostaafu sikio la kulia likaanza kuvuma,
akaniuliza mara moja tu, huku akimenya chungwa,
kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:
"Wewe uliyesoma. Yale mawimbi, yanaingia?"

Nikasema nitaangalia.
Mwaka wa tatu huu naangalia.

Rangi zinatoka.
Buluu kifuani, kijani mabegani,
na kisogoni chini, doa dogo jekundu
kama rangi ya mdomo iliyobaki kwenye kola.
Namba iko chini ya kikomo. Chini sana.
Asubuhi Bi Shinuna atatia sahihi, tutaagiza chai.

Ila mtu huyu amekaa kama picha ya pasipoti,
mikono magotini, macho mbele.
Baba hakukaa hivyo hata siku moja.
Tumbo lake lilijuana na usukani.
Mkono wa kushoto ulishinda nje ya dirisha
mpaka ukawa mweusi kuliko nduguye,
na kidoleni pete ya fedha ya babu,
na fedha, tunajua, ni njia.

Nafungua faili.
Nazungusha bega, nakunja kiwiko.
Nanenepesha tumbo. Navisha pete.
Kompyuta inakataa: vijisanduku vimepandana,
mwili huu haukubaliki.
Narekebisha. Inakataa.
Namwomba radhi mtu asiyesikia, nalivuta bega tena,
na adhana ya alfajiri inapoanza
inakubali.

Doa limehama.
Limeshuka kutoka shingoni, limepita kiwiko,
limejikusanya chini ya pete.
Bado chini ya kikomo. Lakini lipo.

Nikampigia. Alikuwa ametoka kuswali.
"Yanaingia, baba. Kidogo. Kidoleni, penye pete."
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Pete niliivua mwaka ule wa kwanza," akasema,
"ilikuwa inanasa kwenye gia.
Nikiivaa nikija nyumbani, mama yako asiulize."
Kijiko kikatua.
"Na sikio?"
"Sikio silioni, baba. Sikio ni buluu tupu."
"Basi huyo uliyemtengeneza," akasema, "si mimi,"
na hakusema kwa hasira.

Nimerudi kwenye kioo.
Nje ya dirisha la bati yule mtu
bado ametoa mkono,
anangoja upepo
ambao sikuuandika.